Kupima joto lisilo la kawaida la anga ya juu kwa lida, na kuhakikisha si kosa la mtambo

Katikati ya majira ya baridi, karibu na ncha ya kaskazini, joto la stratosfia, tabaka la anga linalofika kilomita 50 hivi juu, linaweza kupanda kwa nyuzi 30 hadi 50 ndani ya siku chache. Richard Scherhag aliliona jambo hilo Berlin mwaka 1952 kwa vipimo vya maputo. Lakini maputo hupasuka yakifika kilomita 30 hadi 35, na joto lisilo la kawaida halikomi hapo. Kutoka kilomita 30 hadi 80 hivi, kifaa cha ardhini kinachofaa zaidi ni lida ya Rayleigh. Leza hurusha mapigo ya mwanga juu, molekuli za hewa hutawanya sehemu ndogo mno ya mwanga huo, darubini huokota kinachorudi, kigunduzi huugeuza kuwa ishara za umeme, na kihesabu huhesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, moja moja.

Kupata mchoro wa joto si kazi kubwa. Programu itakuchorea mchoro hata ukisahau kufungua kifuniko cha darubini. Kazi ni kujua kama uvimbe unaouona kwenye mchoro uko angani au umo ndani ya chumba chako. Makosa mengi ya mtambo hujitokeza kama joto lililopanda, na kila kosa lina kimo linachokipenda. Kwa hiyo mwongozo huu unapita haraka kwenye vifaa na kukaa zaidi kwenye makosa.

Mtambo

Leza ya kawaida ni Nd:YAG. Urefu wa wimbi la mwanga wake wa asili ni nanomita 1064; hugawanywa kwa mbili kupata 532, ambayo ni kijani, au kwa tatu kupata 355. Wengi huvutiwa na 355 kwa sababu hewa huitawanya mara tano zaidi ya 532. Faida hiyo huliwa njiani. Fotoni ya 355 hubeba nishati mara moja na nusu, hivyo kwa nishati ileile unapata fotoni chache zaidi. Tena, hata hewa safi kutoka usawa wa bahari hupitisha takriban asilimia 30 tu ya mwanga huo kwenda na kurudi, ilhali 532 hupita kwa takriban asilimia 80. Ukipiga hesabu yote, kinachobaki ni faida ya robo hivi, na leza nyingi hutoa nishati ndogo zaidi kwenye 355. Kama kituo hakiko mlimani, chagua 532.

Mtambo wa kati una mapigo 30 kwa sekunde, kila pigo milijuli 400, yaani wati 12, na kioo cha darubini chenye kipenyo cha mita 1. Usilinganishe mitambo kwa nguvu ya leza peke yake: zidisha wati kwa eneo la kioo. Hapa ni 12 × 0.785, yaani 9.4. Leza ya wati 24 yenye kioo cha sentimita 50 ni dhaifu kuliko huu.

Kabla mwanga haujatoka, upitishe kwenye kipanuzi cha mara 5. Mtawanyiko wa miliradiani 0.5 utashuka hadi 0.1, na doa la mwanga kwenye kilomita 80 litakuwa na upana wa mita 8. Uwanja wa kuona wa darubini uwe takriban miliradiani 0.5, kwa darubini yenye umbali wa fokasi wa mita 2, hiyo ni tundu la milimita 1. Ukilipunguza hadi nusu milimita, mwanga wa anga unaoingia unashuka hadi robo, lakini itabidi ulinganishe miali (uielekeze sawasawa na darubini) mara kwa mara usiku kucha. Nyuma ya tundu weka lenzi ya kusawazisha miali, kisha kichujio kinachopitisha mwanga wa upana wa nanomita 0.3 hadi 1 tu. Miali ikikipiga kichujio kwa mshazari, mwanga kinaoupitisha husogea upande wa mawimbi mafupi, na unaweza kupoteza nusu ya fotoni bila kuona dalili nyingine yoyote.

Baada ya hapo mwanga ugawanywe: asilimia 90 kwa kigunduzi cha juu, 10 kwa kigunduzi cha chini. Cha chini hutumika kilomita 25 hadi 55, cha juu kilomita 40 na kuendelea. Vipishane vya kutosha, maana hapo ndipo utakapoviunganisha.

Kilicho muhimu kuliko vyote, na ambacho watu hukiacha ili kuokoa fedha, ni sahani inayozunguka mbele ya vigunduzi. Mwanga unaorudi kutoka kilomita chache za kwanza ni mkali kiasi cha kukilevya kigunduzi, na ulevi huo huendelea kwa mamia ya mikrosekunde. Sahani izibe njia mpaka mikrosekunde 133 baada ya pigo, ambazo ni kilomita 20. Sahani ndiyo iamrishe: leza ifyatuke kwa ishara ya sahani, si kinyume chake, kwa kuwa mota haiwezi kuufuata mdundo wa leza kwa usahihi unaotakiwa. Kuzima kigunduzi kwa umeme pekee hakutoshi. Mwanga mkali huendelea kukipiga uso wake hata kikiwa kimezimwa.

Usiku wa kupima

Chagua usiku usio na mawingu, mwezi ukiwa haupo au uko mbali na utosi. Mamlaka ya usafiri wa anga iwe imearifiwa na imekubali, na pawepo namna ya kukata miali mara ndege inapokaribia. Miwani ya kinga iwe ya urefu uleule wa mawimbi wa leza yako. Ya 532 haikulindi dhidi ya 1064 inayosalia kwenye miali.

Washa leza nusu saa kabla, ipate joto lake. Kisha linganisha miali. Toa mwanga wa nyuma (usio wa leza, kama wa nyota), jumlisha fotoni za kilomita 45 hadi 55 kwa dakika moja, sogeza kioo cha kuelekeza kwa hatua za miliradiani 0.05, na uandike jumla kila hatua. Utaona jumla ikipanda, ikilala tambarare, kisha ikishuka. Tafuta kingo zote mbili za tambarare na uweke miali katikati. Usitafute kilele, maana kilele mara nyingi ni kelele tu. Fanya hivyo kwa upande wa pili pia, na urudie kila saa. Usilinganishe kwa mwanga wa kilomita 10 kwa sababu eti ni mwingi: mwanga wa karibu hauko kwenye fokasi, na utakuelekeza pembeni.

Kabla ya kuanza, chukua vipimo viwili vya dakika tano ambavyo utashukuru kuwa navyo baadaye. Cha kwanza, kifuniko wazi na leza imezimwa. Cha pili, leza inafanya kazi na kifuniko kimefungwa. Cha pili kitakuonyesha kama umeme wa swichi ya leza unaingia kwenye nyaya za kihesabu. Ukiingia, utaona vijinundu palepale kila mara.

Hifadhi hesabu kwa vipande vya mikrosekunde 1, yaani mita 150, na faili moja kila dakika. Usihifadhi jumla ya usiku mzima. Wingu jembamba la dakika tatu linaweza kuondolewa kwenye faili za dakika, lakini haliondoki kwenye jumla.

Kutoka fotoni hadi joto

Mbinu inayotumika hadi leo ilielezwa na Alain Hauchecorne na Marie-Lise Chanin mwaka 1980 kwa vipimo vya Haute-Provence, Ufaransa. Juu ya kilomita 30 kwa kawaida hakuna vumbi wala matone ya kutosha kuharibu hesabu, kwa hiyo mwanga unaorudi unalingana na msongamano wa hewa. Hewa ikiwa imetulia chini ya uzito wake yenyewe, msongamano unatosha kukupa joto.

Anza na kufumba kwa kihesabu. Kila kinapohesabu fotoni hufumba kwa nanosekunde chache, na zinazofika wakati huo hazihesabiwi. Tuseme kipande kimoja kina hesabu 36,000 kwa dakika. Mapigo ni 1,800, kila moja limesikilizwa kwa mikrosekunde 1, kwa hiyo muda halisi wa kusikiliza ni milisekunde 1.8, na kasi ni fotoni milioni 20 kwa sekunde. Kihesabu kikifumba kwa nanosekunde 4, sehemu iliyopotea ni milioni 20 × nanosekunde 4, yaani 0.08. Gawanya 36,000 kwa 0.92 upate 39,130. Sahihisho hili lifanyike kabla ya kutoa mwanga wa nyuma, kwa sababu kihesabu hufumba kwa fotoni yoyote, iwe ya leza au ya nyota.

Kisha toa mwanga wa nyuma kwa kuchukua wastani wa kilomita 115 hadi 150, ambako hakuna tena hewa ya kurudisha kitu. Zidisha kinachobaki kwa mraba wa umbali kutoka kwenye darubini. Umbali si kimo: kimo ni umbali pamoja na mwinuko wa kituo juu ya bahari. Sahihisha upotevu wa mwanga kwa mtawanyo wa hewa, na kwa 532 sahihisha pia ozoni, ambayo hufyonza kidogo chini ya kilomita 40. Unganisha njia mbili kwenye kilomita 45 hadi 50 kwa kulinganisha uwiano wao katika eneo zima, si katika nukta moja.

Sasa una msongamano usio na kipimo, na hilo si tatizo. Hesabu ya joto ni hii:

T(z) = [ ρ(z₀)·T(z₀) + (1/R) · jumla ya ρ·g·Δz kutoka z hadi z₀ ] ÷ ρ(z)

T ni joto kwa kelvini, z ni kimo, ρ ni msongamano, g ni mvutano wa dunia, Δz ni unene wa kipande, na R ni 287 kwa hewa kavu. Msongamano uko juu na chini ya mstari wa kugawanya, kwa hiyo kipimo chake hujifuta chenyewe. Unaanza juu, kwenye z₀, na kushuka. Usiweke g kuwa 9.81 kote. Kwenye kilomita 80 ni takriban 9.56, na ukiipuuza tofauti hiyo utaongeza nyuzi 5 ambazo hazipo.

T(z₀) huwezi kuipima. Unaiazima kwenye modeli ya anga, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Kosa la joto la kuazima hupungua unaposhuka, kwa uwiano wa msongamano wa juu na wa chini. Chukua modeli iliyokosea kwa nyuzi 20 kwenye kilomita 85. Kwenye kilomita 80 kosa limebaki takriban nyuzi 9, kwenye 75 ni 4, kwenye 70 ni 2. Maana yake kilomita 10 hadi 15 za juu kabisa za mchoro wako ni za modeli zaidi kuliko zako. Zikate. Anzia hesabu pale ambapo kosa la fotoni limefika asilimia 10 hadi 15, yaani pale ambapo mzizi wa jumla ya fotoni zote, za leza na za nyuma, ni sehemu hiyo ya fotoni za leza. Kuanzia juu zaidi hakukuongezei kitu.

Kila kosa na kimo chake

Joto limepanda juu ya kilomita 70, na linazidi kupanda kadiri unavyoenda juu. Shuku mwanga wa nyuma. Fotoni kutoka kilomita 30 hadi 80 hupungua takriban mara 7,000, kwa hiyo kilichokuwa chembe huko chini ni mlima huko juu. Kwenye kilomita 80 ukiwa na fotoni 200 za kweli kwa kipande, na umeacha 10 za nyuma bila kuzitoa, umezidisha msongamano kwa asilimia 5, na asilimia hiyo inakua kila kilomita. Msongamano unaopungua polepole kuliko inavyopaswa husomeka kama hewa ya joto. Ukitoa mwanga wa nyuma kupita kiasi, utaona baridi mahali hapohapo.

Kinachosababisha mara nyingi ni masalia ya ule mwanga mkali wa mwanzo: kigunduzi huendelea kutema hesabu za uongo zinazofifia taratibu. Jaribio lake ni rahisi. Jumlisha hesabu za kilomita 115 hadi 130, halafu za 135 hadi 150. Kila eneo lina vipande 100. Kama kila jumla iko karibu na 10,000, tofauti ya bahati tu kati yake ni takriban 141, mzizi wa 20,000. Tofauti ya 100 haina neno. Tofauti ya 500, ya kwanza ikiwa kubwa, ni masalia. Usiyafiche kwa kuchora mstari unaopinda kupitia eneo hilo na kuurefusha hadi kilomita 70; ni kubahatisha kwa mapambo. Chelewesha kufunguka kwa sahani, au punguza mwanga wa kigunduzi cha juu, upime tena.

Joto limepanda chini, kilomita 30 hadi 38, na juu yake mambo ni shwari. Shuku kufumba kwa kihesabu. Fotoni zilizopotea chini hufanya msongamano wa chini uonekane mdogo, na joto hupanda. Miali isiyoingia kikamilifu kwenye uwanja wa darubini hufanya vilevile. Ili kuyatenganisha, weka kichujio cha kijivu kinachopunguza mwanga kwa nusu. Joto la kilomita 32 likibadilika, thamani ya nanosekunde uliyotumia si sahihi. Lisipobadilika, rudi kwenye ulinganishaji.

Joto limeshuka chini, na baridi hiyo ina umbo la tabaka. Ni matone au vumbi. Hurudisha mwanga zaidi ya hewa, msongamano unaonekana mkubwa, joto linaanguka. Baada ya mlipuko wa Pinatubo wa Juni 1991, vipimo vya chini ya kilomita 30 hadi 35 vilikuwa vya kutiliwa shaka kwa muda mrefu. Mlipuko wa Hunga Tonga wa Januari 2022 ulirusha moshi hadi kilomita 57, kwa hiyo kilomita 30 si ukuta. Njia ya kupita matone ni kupima mwanga wa Raman wa naitrojeni, nanomita 607 kwa leza ya 532, ambao matone hayaurudishi. Ni hafifu sana, kwa hiyo hukufikisha kilomita 30 hivi na si zaidi.

Kuna kunjo kali kati ya kilomita 45 na 55. Hilo ni gundi ya njia zako mbili. Chora kila njia peke yake.

Joto linashuka kwa kasi isiyowezekana. Hewa haivumilii kushuka kwa joto kunakozidi takriban nyuzi 9.5 kwa kilomita. Hupinduka na kujichanganya. Wastani wa saa nzima ukionyesha nyuzi 15 kwa kilomita, hujagundua fizikia mpya. Umelainisha mchoro kidogo mno (hukuchukua wastani wa vipande vya kutosha) au una fotoni chache mno.

Uvimbe unaobaki

Aina mbili za joto lisilo la kawaida ndizo utakazokutana nazo zaidi, na kila moja inahitaji ushahidi wake.

Ya kwanza ni tabaka geuzi la mesosfia, tabaka la anga lililo juu ya stratosfia. Kati ya kilomita 65 na 85, mahali ambapo joto linapaswa kushuka unapopanda, linapanda kwa nyuzi 10 hadi 50 ndani ya kilomita chache, kisha linashuka tena, mara nyingi kwa kasi inayokaribia ile 9.5. Husababishwa na mawimbi ya mvutano (ya hewa inayopanda na kushuka kwa uzito wake) yanayopasuka, pamoja na mawimbi ya kujaa na kupwa ya anga. Kuthibitisha, gawa usiku kwa dakika shufwa na witiri, ukokotoe joto la kila kundi. Tabaka likionekana katika yote mawili kwa kimo kilekile, si kelele. Lakini jaribio hilo halikamati kosa la kudumu, kwa hiyo gawa tena usiku katika vipande vya saa moja. Tabaka la kweli hubadilika: hukua, hunyauka, mara nyingi hushuka polepole. Lililogandia kwenye kilomita 71.4 tangu machweo hadi alfajiri, na kesho yake tena, ni la nyaya. Kisha badilisha joto la kuazima kwa nyuzi 20 juu na chini. Mchoro utainama wote, lakini tabaka la kweli litabaki na umbo lake.

Kama mtambo unaweza kuinamishwa, una hakimu asiyependelea. Pima ukiwa wima, kisha ukiwa umeinama nyuzi 30 kutoka utosini. Kitu kilicho angani kwenye kimo cha kilomita 70 kitahamia umbali wa kilomita 80.8, na mchoro utakirudisha kwenye 70. Kitu cha umeme kitabaki kwenye umbali wa 70, na mchoro utakiweka kwenye kimo cha 60.6.

Ya pili ni joto la ghafla la stratosfia. Hapa uvimbe ni mkubwa, unaonekana hata kwa mtambo dhaifu, kwa hiyo hatari si kelele, ni tafsiri. Kilele cha joto, ambacho kwa kawaida kiko karibu na kilomita 50 na takriban kelvini 270, hushuka hadi kilomita 40 au chini zaidi na kuwa moto kuliko kawaida, huku mesosfia juu yake ikipoa. Ukiona joto chini bila baridi juu, rudi kwenye orodha ya makosa. Ukiviona vyote viwili, bado usitangaze tukio kubwa: lida huona nguzo moja ya hewa, na ukingo wa kimbunga cha ncha (mzunguko mkubwa wa upepo unaoizunguka ncha wakati wa baridi) ukipita juu ya kituo hukupa nyuzi 30 bila kimbunga chenyewe kudhurika. Tukio huitwa kubwa pale upepo wa wastani kwenye latitudo 60, shinikizo la hektopaskali 10, unapogeuka kutoka wa magharibi kuwa wa mashariki, na hilo halisomwi kwenye lida. Lisome kwenye uchambuzi wa hali ya hewa wa dunia. Matukio haya ni ya kaskazini zaidi. Kusini, lile kubwa la Septemba 2002 linabaki kuwa la nadra.

Baada ya tukio kubwa kuna mtego mwingine. Mara nyingine, kama mwaka 2006 na 2009, kilele cha joto hupotea na kujijenga upya kwenye kilomita 75 hadi 80. Modeli uliyoazima joto lake haina habari hiyo. Ni ya wastani wa miaka. Inaweza kukosea kwa makumi ya nyuzi palepale unapoanzia. Katika wiki hizo azima T(z₀) kwenye kipimo cha usiku huohuo, kama cha SABER, kifaa kilichorushwa kikiwa kwenye setilaiti ya TIMED Desemba 2001, au cha lida ya sodiamu ya nanomita 589, ambayo hupima joto kati ya kilomita 80 na 105. Usipopata, kata kilomita 20 za juu badala ya 15.

Unapohifadhi usiku ulioonyesha uvimbe, weka pamoja hesabu ghafi za kila dakika, thamani ya nanosekunde za kufumba, kimo na joto ulipoanzia, upana wa kulainisha kwa kila kimo, muda wa kufunguka kwa sahani, na vile vipimo viwili vya dakika tano. Mchoro wa joto wenyewe unaweza kukokotolewa upya wakati wowote.